Helmeti ya Nywele

Nywele za Merritt zilijulikana kuliko Merritt mwenyewe. Zilimfika kiunoni, nzito, za rangi ya majani ya mahindi yaliyokauka, na hakuna aliyewahi kukaa nyuma yake darasani asipigwe nazo usoni angalau mara moja. Asubuhi ya mashindano zilikuwa zinamtoa jasho rafiki yake Wallis. Wallis alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa ndani ya banda la farasi, vibanio vimemjaa mdomoni, akizisukumia nywele hizo ndani ya helmeti kama mtu anayeshindilia nguo za mwezi mzima kwenye mkoba wa safari ya siku moja.

"Pumua nje," Wallis alisema.

"Nywele hazipumui, wewe."

"Hizi zinapumua, shoga. Na moja imeniuma kidole."

Katika vilima vile vya Virginia, msichana anayeingia uwanjani kumrukisha poni, yule farasi mdogo, juu ya viunzi huficha nywele zake zote ndani ya helmeti. Hakuna kanuni iliyosema hivyo, ila desturi haihitaji karatasi. Mwamuzi hatazami tu kama farasi ameruka. Anatazama picha nzima, utulivu wa mpandaji, mng'aro wa viatu, na shingo safi isiyoning'inia unywele hata mmoja. Kwa hiyo nywele hulazwa juu ya masikio, hubanwa kwa wavu, hupandishwa utosini, kisha helmeti huteremshwa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Mama zao walifanya hivyo, na bibi zao kabla yao, na kama farasi wangekuwa na ulimi labda nao wangeshikilia hivyo hivyo.

Wallis hakuwa na tabu na desturi hiyo. Nywele zake, kama alivyopenda kujisema mwenyewe, zilikuwa tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa likizo. Tabu ilikuwa kwa Merritt. Pale dukani, majira ya kuchipua yalipoanza, helmeti ya kipimo chake iligoma kushuka juu ya ule mlima. Muuzaji alimuuliza kama apimwe nywele zikiwa chini au zikiwa juu. Merritt akajibu juu, bila kupepesa, na akatoka na helmeti kubwa zaidi, nyeusi, nyororo, yenye ukanda unaometameta katikati. Ilikuwa nzuri hasa. Nywele zilijaza nafasi iliyobaki, na kila mtu akasema imemkaa.

Siku hiyo alitaka kila kitu kimkae. Poni aliyempanda aliitwa Haradali, kwa rangi yake na kwa tabia yake, maana alipanda watu puani vilevile. Mwenye poni alikuwa Bi Odelle Broaddus, bibi mwenye shamba la juu kilimani. Kila mwaka Bi Odelle alichagua mtoto mmoja wa kumpanda Haradali kwenye mashindano makubwa ya Agosti. Mwaka huu alikuwa amesema wazi: atakuja Jumamosi hiyo, atamtazama Merritt, na asiporidhika poni atakwenda kwa Wallis. Na Merritt hakuwa na mwaka mwingine wa kungoja. Miguu yake ilikuwa inarefuka kama mahindi ya Julai. Kufikia kiangazi kijacho ingekuwa inaburura chini, na hakuna mwamuzi anayempa mtu utepe kwa kumsukuma poni kama baiskeli. Kwa hiyo ilikuwa Agosti hii au basi.

Walipomaliza, Wallis alirudi nyuma akatazama kazi yake. Akasema imependeza, ila Merritt anafanana na uyoga. Merritt akasema uyoga wenye adabu. Akakaza mkanda wa kidevu mpaka kumeza mate kukawa kazi, akapanda, akaenda uwanja mdogo wa kupasha misuli.

Kocha Renny alikuwa anamngoja pale, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyokauka kwa miaka ya kuita majina ya watoto kwenye vumbi, mfuko wake umejaa mbegu za alizeti. Akamwonyesha viunzi viwili vilivyofuatana. Merritt akavuta pumzi, akamgeuza Haradali, akaenda.

Kiunzi cha kwanza kilikuwa kizuri. Haradali alikunja magoti, akapaa, akatua. Alipotua tu, helmeti ikafanya safari yake binafsi. Iliteleza juu ya ule mto wa nywele, ikateremka usoni, na dunia yote ikageuka giza laini linalonuka dawa ya nywele. Merritt hakuona masikio ya poni, hakuona kiunzi cha pili, hakuona kitu. Alichofanya ni kushika manyoya ya shingoni na kumwachia Haradali mambo ya mbele. Tumbo likamwambia wamepaa. Makalio yakamwambia wametua. Alipoisukuma helmeti juu kwa kiganja, Kocha Renny alikuwa ameacha kutafuna.

"Kiunzi cha pili umekiona?" Kocha aliuliza.

Merritt alitaka kudanganya, lakini uongo mzuri huhitaji muda. "Nimekisikia, Kocha."

Kocha hakucheka. Alimwambia ainame, akashika ukingo wa helmeti kwa mbele, akaupandisha na kuushusha. Helmeti ilikwenda juu, ikarudi chini, ikaenda kushoto, na kichwa cha Merritt kilikaa palepale kama mgeni asiyehusika na ugomvi wa nyumba. Merritt akasema labda mkanda ukazwe zaidi kidogo. Kocha akamjibu kwamba tayari shingo yake ina alama kama ya mbuzi aliyekata kamba. Mkanda, alisema, kazi yake ni kuzuia helmeti isikukimbie. Hauwezi kuifanya ikutoshe. Helmeti ni ya kushika fuvu pande zote. Hii ilikuwa imeshika nywele, na siku Merritt atakapoangukia kichwa, nywele zitateleza, helmeti itazifuata, na fuvu litabaki kujitetea lenyewe.

Wallis, aliyekuwa ameegemea uzio, alilifupisha lile somo. "Nywele zake zimevaa helmeti vizuri kabisa, Kocha. Kichwa ndicho bado hakijapata."

Hapo hata Kocha alicheka. Kisha akasema maneno mawili ya mwisho: kwamba hivyo Merritt haingii uwanjani, na kwamba njia nyingine aichague mwenyewe, kwa sababu kichwa ni chake na nywele ni zake. Akaenda kuwashughulikia watoto wadogo waliokuwa wanalia kwa zamu.

Walirudi bandani. Merritt akafungua wavu, akatoa vibanio, nywele zikaporomoka mpaka kiunoni. Akazisuka msuko mmoja, akavaa tena ile helmeti nzuri. Bila nywele ndani ilikuwa imekuwa kengele, na kichwa chake ndio ulimi wa kengele. Alitikisa kichwa mara moja. Helmeti ikamaliza kutikisika baadaye, kwa wakati wake.

Basi hiyo haikufaa kwa namna yoyote, nywele zikiwa juu wala zikiwa chini. Ilibaki ile nyingine, ya mazoezi ya kila siku, iliyokuwa nyuma ya gari chini ya gunia la karoti. Merritt aliifuata. Wallis alipoiona alifumba jicho moja.

Zamani ilikuwa nyeusi. Sasa ilikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa, ina doa la kamasi za Haradali upande wa kulia, na nyuma yake palikuwa na picha ya kuku iliyobandikwa na binamu yake mdogo ikagoma kubanduka. Lakini ilikuwa haijawahi kuanguka wala kugonga kitu, ndani yake ilikuwa nzima, na ilinunuliwa kwa kipimo cha kichwa chake, nywele zikiwa chini, kwa sababu mazoezini hakuna anayemtazama mtu shingo. Merritt akakunja msuko wake chini kabisa, shingoni, chini ya ukingo wa helmeti ili usiisukume mbele, akaufunga bapa na kuutia wavuni. Akavaa. Ilikaa sawasawa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Akasukuma ukingo, na ngozi ya paji la uso ikaenda nao. Akainama mpaka akaiona dunia kati ya magoti yake, akatikisa kichwa kwa nguvu. Helmeti haikuondoka hata kidogo. Mkanda ulimgusa kidevuni bila kumnyonga, na aliweza kuongea.

"Bado unaongea, kwa bahati mbaya," alisema Wallis. Halafu akawa mpole kidogo. Alimwuliza kama anajua Bi Odelle atasema nini. Merritt akasema anajua. "Mimi sikuombei mabaya, mwenzangu," Wallis aliendelea, "lakini ujue viatu vyangu nimeving'arisha. Na nimevivaa."

"Vivae tu. Vumbi halichagui mtu."

Alijisikia ajabu. Alitegemea kuogopa, badala yake mwili ulikuwa umetulia, kama mtu aliyetoa kokoto kiatuni. Tangu ule ununuzi wa dukani alikuwa akiingia kila mashindano na wasiwasi mdogo juu ya utosi, akidhani ni woga wa viunzi. Kumbe viunzi havikuwa na kosa.

Bi Odelle alikuja na mkongojo, miwani ya jua na kofia pana ya majani, akitembea polepole katikati ya njia ili watu wampishe, nao wakampisha. Alimpapasa Haradali pua, akampa peremende ya mnanaa, akakagua tandiko, hatamu na kwato. Mwisho akamfikia mpandaji, aliyekuwa ameshakaa kwenye tandiko. Alimtazama Merritt kutoka viatuni kwenda juu, na uso wake ukaenda vizuri mpaka shingoni. Pale ukasimama.

Aliuliza kile kitu kilichokaa pale nyuma ya shingo ni nini. Merritt akasema ni nywele zake. Bi Odelle akauliza na hicho kilicho juu ya nywele. Merritt akasema ni helmeti yake, Bibi. Bi Odelle akaizunguka taratibu, akakutana na kuku. Akamtazama yule kuku kwa muda.

Kisha akasema, kwa sauti ya chini iliyomfanya Wallis ajifanye anafunga kiatu kisicho na kamba, kwamba Haradali hajawahi kuingizwa uwanjani na mtu aliyebeba kiota shingoni, na hataanza leo. Nywele juu, helmeti safi. La sivyo yule mwingine apande, naye amemwona ameshavaa viatu.

Poni, Agosti, kiangazi cha mwisho, vyote vilikuwa vimekaa juu ya ncha ya mkongojo ule. Merritt alishuka kutoka kwenye tandiko. Hakushuka kwa kukata tamaa. Alishuka kwa sababu alitaka Bi Odelle amfikie. Akaivua ile yenye kuku, akaichukua ile helmeti nzuri kutoka mlangoni pa banda, akafungua msuko wake akaurundika utosini kwa mkono mmoja, akaivaa juu yake.

"Nisukume hapa mbele, Bi Odelle. Kwa kidole tu."

Bi Odelle alisukuma kwa kidole kimoja chenye pete. Helmeti ikaruka nyuma ikamwacha Merritt na paji tupu, kama sufuria iliyofunuliwa. Akaivuta mbele, ikamwangukia puani. Akaivua, akaurudisha msuko shingoni, akavaa ile yenye kuku, akasema sasa tena. Bi Odelle akasukuma. Kichwa chote kikaenda, helmeti na shingo na Merritt mzima. Akasukuma kwa nguvu zaidi, Merritt akarudi hatua nyuma, helmeti ikabaki palepale.

Bi Odelle akasema ujanja wa wauza helmeti wa dukani anaujua. Yeye alipanda nywele zikiwa juu ujana wake wote, na zilikuwa nyingi kuliko hizo, muulize yeyote, isipokuwa wa kuulizwa wameshazikwa. Hivyo hivyo ndivyo alivyochukua Kombe la Kaunti. Hiyo ni hadithi aliyoipenda, na akaisimulia pale pale, mkono juu ya mkongojo: jinsi alivyoamka asubuhi na mapema, akaingia, akaruka kila kiunzi kama malaika, na kwamba kichekesho chake ni kwamba yeye mwenyewe hakumbuki hata kiunzi kimoja. Dada yake ndiye aliyemweleza jioni kwamba ameshinda. Alikuta kombe liko mezani. Watu huwa wanacheka hapo, na Bi Odelle alisubiri kicheko.

Merritt hakucheka. Aliuliza kwa adabu kama Bibi alikuwa ameanguka siku hiyo.

"Asubuhi, wakati wa kupasha misuli," Bi Odelle alisema. "Kidogo tu. Kofia ilitangulia, mimi nikafuata. Nikainuka nikapanda tena. Zamani hatukuwa watu wa kulialia."

Mkono wake ulipanda ukingoni mwa ile kofia ya majani, kama mtu anayehakikisha kama bado ipo. Kwa mbali kipaza sauti kilikuwa kinaita namba za washindani. Haradali alimsukuma kwenye kwapa akitafuta peremende nyingine, asiipate.

Merritt angeweza kusema mengi, na kwa kawaida yake mengi ndiyo kidogo. Alisema moja. "Bibi, mimi nikishinda nataka nikumbuke."

Bi Odelle aliushusha mkono kutoka kwenye kofia. Aliposema, sauti yake ilikuwa imerudi na ukali wake, ila safari hii ukali ulionekana umevaliwa haraka. Akasema haya, aingie. Mwamuzi akimcheka, asije kulia kwenye bega lake, kwa sababu blauzi ni mpya. Na yule mwenye viatu asivivue.

Wallis akasema hana mpango.

Uwanja ulikuwa mkubwa, umezungukwa na watu waliokaa kwenye viti vya kukunja na vikombe vya chai ya barafu. Merritt alipoingia alisikia mnong'ono ukimfuata kando ya uzio. Mama mmoja aliuliza kama yule ni kuku. Merritt akaketi wima zaidi. Kama wanatazama, basi na watazame vizuri. Akamgusa Haradali kwa mguu, poni akaingia kwenye mwendo wake wa mbio laini, ule wa kubembeleza, na wakaelekea kiunzi cha kwanza.

Kilipita. Cha pili kikapita. Kwenye kona, jua lilimpiga usoni na kivuli cha ukingo wa helmeti kikabaki palepale kilipotakiwa kubaki, mstari mmoja mnyoofu juu ya macho. Aliona kila kitu. Aliona sikio la kushoto la Haradali likimsikiliza, aliona nyasi zilizokanyagwa na waliotangulia, aliona mapema mno, hata kabla ya poni mwenyewe, kwamba kiunzi kilichofuata kilikuwa na masanduku ya maua mekundu chini yake. Haradali alikuwa na maoni yake kuhusu maua.

Poni aliyaona akiwa ameshachelewa kusimama. Akaruka kama mtu aliyekanyaga nyoka: juu, upande, mgongo umejikunja, na alipotua akapiga kichwa chini na kurusha miguu ya nyuma. Umati ukavuta pumzi. Merritt alitupwa shingoni, pua ikagusa manyoya, rikabu moja, ile pete ya kukanyagia, ikamtoka mguuni. Lakini helmeti ilikaa, na macho yakakaa nayo. Mbele yake, kushoto zaidi ya ilivyotakiwa, aliona kiunzi kinachofuata kikija haraka. Akajisukuma nyuma, akapata tandiko, akavuta hatamu ya kushoto, akasema "Mbele, mzee" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apishwe mlangoni. Haradali, aliyekuwa hajategemea kuongeleshwa, akajinyoosha akaenda. Wakapaa bila rikabu moja. Wakatua vizuri. Akaitafuta rikabu kwa kidole cha mguu kwenye kona, akaipata, akamalizia viunzi vilivyobaki kana kwamba hakuna kilichotokea, akitabasamu waziwazi, jambo ambalo nalo halikuwa desturi.

Utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza, ulikwenda kwa msichana mwingine, mwenye shingo safi kama sahani. Merritt akapewa wa nne, mweupe. Mwamuzi alipokuwa anaufunga kwenye hatamu aliinua macho akamwona kuku, akakohoa, akapita.

Bi Odelle alikuwa amesimama langoni, miwani ya jua ameivua. Wallis alikuwa kando yake, ametulia kwa namna ya mtu anayengoja kuitwa. Merritt alimsimamisha poni mbele yao, akashuka, akasubiri. Hakuinamisha uso.

Bi Odelle akasema nywele zile zimemuudhi tangu mwanzo hadi mwisho. Akasema ile helmeti ingefaa kufukiwa na sala fupi. Akasema wa nne si wa kwanza. Kisha akapumua.

"Pale kwenye maua mimi nilifumba macho," alisema. "Wewe hukufumba. Agosti utampanda wewe."

Merritt alifungua mdomo. Bi Odelle aliinua mkongojo kumzuia. Kabla ya Agosti, alisema, aende dukani akapimwe upya, nywele zikiwa pale pale zitakapokuwa siku ya kupanda, na atafute nyeusi isiyo na mnyama yeyote. Halafu akamgeukia Wallis, akanyoosha kidole chenye pete, akaisukuma helmeti aliyokuwa ameivaa bila kumwomba ruhusa. Kichwa cha Wallis kilikwenda chote. Bi Odelle akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaondoka katikati ya njia.

Wallis aliangalia viatu vyake vinavyong'aa, akasema kazi bure, amepoteza usiku mzima akiving'arisha. Akaketi juu ya ndoo iliyokuwa pale langoni akaanza kuvivua. Kisha akamwuliza Merritt anaenda wapi tena na huyo poni, mbona banda liko huku.

Merritt alikuwa ameshamgeuza Haradali. Uwanja ulikuwa tupu sasa, wafanyakazi wanapanga viunzi upya, na moja kati ya yale masanduku ya maua mekundu lilikuwa limewekwa pembeni kwenye nyasi. Alimwongoza mpaka pale, hatua kwa hatua, akamlegezea hatamu. Haradali alisimama mbali, akanyoosha shingo, akakoroma. Akanusa. Merritt hakumsukuma, alisimama tu kando yake na msuko wake shingoni, ana siku nyingi mbele yake.

Haradali akasogea, akalinusa ua moja kwa makini, akalila.

"Umeona?" Merritt alimwambia. "Haya, la pili."